Mita 18 za Waya

Ilikuwa saa saba usiku, usiku wa kuamkia Ijumaa, na ule mstari wa kijani ulikuwa umefika asilimia 83. Nilikuwa nahamisha video za kupamba kutoka kwenye sanduku la diski lililo chini, kando ya ruta, kuja kwenye kompyuta yangu ya mezani iliyo juu ghorofani. Gigabaiti 412. Kamera tatu, ukumbi mmoja, bibi harusi mmoja, na mamake bibi harusi ambaye alikuwa ameshanipigia simu mara nne tangu adhuhuri. Kwa muda wa saa nne na ushei mstari ule ulikuwa ukitambaa kama konokono juu ya ukuta wa kisima. Nikashuka kuinjika maji ya chai. Niliporudi hakuna mstari. Mahali pake pana ujumbe mfupi kwamba njia ya mtandao haipatikani.

Wi-Fi ilikatika sekunde chache tu, kisha ikarudi yenyewe, imejaa vijiti vyote, kana kwamba haikufanya lolote. Nikaanza tena kwenye sifuri.

Niwaeleze kwanza kazi yangu, maana bila hiyo mtaniuliza kwa nini nisiyapandishe mafaili mtandaoni kama watu wengine. Kupamba kwetu ni shughuli ya wanawake watupu. Bibi harusi anakaa juu ya jukwaa, nywele wazi, mikono imejaa hina, na simu za wageni zimeachwa mlangoni. Anayepiga picha ni mwanamke, na anayeunganisha video lazima awe mwanamke vilevile. Familia ikinipa video hizo imenipa amana. Siziweki kwenye kompyuta ya mtu nisiyemjua iliyoko nchi nisiyoijua, wala sipandi nazo matatu zikiwa kwenye diski ndani ya mkoba. Zinaingia nyumba hii, zinahaririwa nyumba hii, zinatoka zikiwa tayari. Kwa hiyo mtandao ninaoutegemea ni ule wa ndani ya nyumba, zaidi ya intaneti yenyewe. Intaneti yetu ni ya megabiti 40, na yanitosha.

Mtauliza tena: si ulipandishe sanduku juu? Mwenzangu anayepiga picha humimina kadi zake chini, na chini ndiko kwenye baridi. Juu, mchana wa kaskazi, hata mimi mwenyewe nakaribia kuzima. Basi shuka wewe chini? Chini ni sebule ya bibi yangu, na wageni wa bibi hawaishi. Siwezi kuwa na bibi harusi wa watu wazi kwenye skrini na hapo hodi inapigwa.

Wiki tatu kabla ya usiku ule nilikuwa nimenunua ruta mpya ya Wi-Fi 7. Kwa bei yake ningepata mbuzi wa akika na mchele wake. Kijana wa dukani, duka moja si mbali na Digo Road, aliigeuza geuza ile sanduku mbele yangu kama anauza saa ya dhahabu. "Dada, hii ni gigabiti 46. Waya ni mambo ya zamani." Nami nilitaka kuamini, kwa sababu bibi alikuwa ameshatoa hukumu kuhusu waya: "Nyumba hino haitobolewi." Nyumba ni ya Mji wa Kale wa Mombasa, ya mawe, na sheria za uhifadhi mtaa mzima zinajulikana. Lakini hata kama zisingekuwapo, bibi ni sheria tosha.

Hiyo namba ya 46 ni ya kweli kama ile 220 iliyoandikwa kwenye kioo cha spidi cha matatu ya Kisauni ilivyo ya kweli. Imeandikwa, ndiyo. Wi-Fi 7, ambayo muungano wa Wi-Fi Alliance ulianza kuithibitisha rasmi Januari 2024, hufika gigabiti 46 kwa sekunde kwenye karatasi ukiwa na mikondo 16 ya mawimbi kwa wakati mmoja. Kadi ya Wi-Fi unayoichomeka kwenye kompyuta ya mezani kwa kawaida ina mikondo miwili. Miwili, kwenye chaneli, yaani njia ya hewani, iliyo pana kabisa ya megahezi 320, hewa safi, hakuna ukuta: takriban gigabiti 5.8. Na hiyo ni kasi ambayo kadi na ruta zimekubaliana kusemezana. Faili lenyewe linahama kwa kasi ndogo kuliko hiyo.

Kisha hiyo chaneli pana haipatikani ila kwenye bendi, yaani safu ya masafa, ya gigahezi 6. Kenya imefungua sehemu ya chini ya bendi hiyo kwa matumizi bila leseni, kuanzia megahezi 5925 hadi 6425. Piga hesabu mwenyewe: ni megahezi 500, basi chaneli ya 320 inaingia moja tu. Jirani akinunua ruta kama yako, mtaigawana. Na kama kompyuta yako bado ina Windows 10, bendi hiyo huioni kabisa, hata kadi iwe mpya namna gani. Mimi nililijua hilo baada ya kununua. Nikahamia Windows 11, nikasubiri toleo la 24H2 lijishushe, ndipo kadi ikatambua kwamba ni ya Wi-Fi 7. Siku nzima ya kazi ilikwenda hapo.

Haya, ikatambua. Nikaiwasha chini kwanza, sebuleni, kompyuta iko hatua tatu kutoka kwenye ruta. Wallahi ilikimbia. Mafaili yalihama kwa megabaiti mia na kitu kwa sekunde, mpaka kikwazo kikawa tundu la lile sanduku la diski lenyewe, ambalo ni la gigabiti moja. Nikasema kijana wa dukani hakunidanganya. Nikaibeba kompyuta juu.

Kutoka kwenye ruta hadi mezani kwangu kuna kuta tatu za matumbawe na chokaa, kila mmoja unene wake unakaribia dhiraa, na dari ya boriti iliyoshindiliwa mawe na chokaa juu yake. Mawimbi kadiri masafa yake yanavyopanda ndivyo yanavyochoka haraka yakikutana na kitu kizito. Gigahezi 2.4 hupenya kwa taabu, 5 hupenya kwa taabu zaidi, 6 hugonga ukuta ikalala. Juu kule jina la bendi ya 6 halikutokea hata kwenye orodha. Lile jambo jipya kabisa nililolilipia liliishia kwenye ngazi. Nilichobaki nacho ni gigahezi 5, iliyonipa kati ya megabiti 140 na 210, ikipanda na kushuka kama inapumua. Wakati wa masika, kuta zikinywa maji, ilishuka zaidi.

Waliozijenga nyumba hizi walikuwa wanafukuza joto na kelele, na walifaulu mno. Anayeishi nyumba ya matofali membamba kule Bamburi au Mtwapa asome kipimo changu akijua hivyo. Kwake mambo yatakuwa mepesi zaidi.

Hata hivyo kasi peke yake haikuniuma sana. Ningeweza kuwasha uhamishaji nikalala. Kilichoniuma ni kutotulia. Siku moja nikafungua dirisha jeusi la maandishi nikaipigia ping ruta, yaani kuibishia hodi nione inajibu baada ya muda gani; si Google wala nani, ruta ya humu humu ndani ya nyumba. Jibu la kwanza milisekunde 4. La pili 3. La tatu 5. La nne 187. Halafu 4, halafu 4, halafu kimya, halafu 230. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini sauti yangu hukatika nikiongea na wateja kwa video ilhali kipimo cha kasi kinasema nina megabiti 40 kamili. Kipimo cha kasi kinakupa wastani, na ndani ya wastani huo milisekunde 230 zimefichwa vizuri tu.

Sababu yake iko hivi. Hewa ni baraza moja. Kwenye chaneli moja, anayesema ni mmoja. Wengine husikiliza, wakisikia kimya hungoja kidogo, kisha mmoja hujaribu. Wakijaribu wawili pamoja, maneno yanagongana na kila mmoja anarudia. Na baraza hilo si la nyumba yako peke yake. Nilipanda darini jioni moja nikahesabu mitandao 31 kwenye simu yangu, kuanzia ya duka la kahawa hadi ya mtu aliyeipa yake jina la "Usijaribu". Kwenye gigahezi 2.4 chaneli zisizokanyagana ni tatu tu: 1, 6 na 11. Watu 31, mikeka mitatu.

Wi-Fi mpya zimejitahidi, nisiwanyime haki yao wahandisi. Wi-Fi 6, iliyoanza kuthibitishwa 2019, ilileta utaratibu wa kuigawa chaneli moja vipande vipande ili vyombo kadhaa vihudumiwe kwa mpigo mmoja badala ya kupanga foleni. Wi-Fi 7 ikaongeza uwezo wa chombo kimoja kushika bendi mbili kwa pamoja, ikikwama moja inapitia nyingine. Kwenye simu, kwenye nyumba yenye watoto sita na vishikwambi vyao, hayo ni mambo makubwa. Lakini yote hayo ni ya kuliendesha baraza vizuri, na bado uko barazani. Waya kutoka kwenye swichi, kile kisanduku cha kugawa nyaya za mtandao, hadi kwenye kompyuta yako una watu wawili tu, na kila mmoja ana njia yake ya kusemea na njia yake ya kusikilizia, kwa wakati mmoja. Hakuna kungojana.

Cha kuchekesha ni kwamba huo waya wenyewe ulifundishwa adabu na redio. Mwaka 1971, Chuo Kikuu cha Hawaii kilikuwa na tatizo ambalo mtu wa Kenya ya pwani angelielewa bila kuelezwa: visiwa, na kompyuta iliyo kwenye kisiwa kimoja. Norman Abramson na wenzake wakaviunganisha kwa redio, wakauita mtandao wao ALOHAnet. Kila kituo kilisema kilipotaka. Ujumbe ukigongana na mwingine, kila mmoja alingoja muda wa bahati nasibu akarudia. Robert Metcalfe akaisoma kazi ile, akaona panapoweza kurekebishwa, na tarehe 22 Mei 1973, akiwa kituo cha utafiti cha Xerox kule Palo Alto, akaandika waraka wa kuyaweka mawazo hayo ndani ya waya. Akauita Etheneti, kutokana na etha, ile hewa ya kubuni ambayo wanafizikia wa karne ya 19 waliamini imejaa kila mahali ikibeba mwanga. Kwa hiyo waya una jina la hewa. Mwanzoni nao ulikuwa baraza, wote kwenye kebo moja nene, kwa megabiti 2.94 kwa sekunde. Baadaye zilipokuja swichi, kila kompyuta ikapewa njia yake, na kugongana kukaisha.

Nimelitafakari sana hilo nikiwa nimekaa kisiwani. Sisi nasi tumezungukwa na maji, na kabla ya 2009 intaneti ya nchi hii kwenda nje ilitegemea setilaiti, angani kabisa. Kisha mwaka huo zikafika kebo za chini ya bahari, TEAMS kutoka Fujairah na SEACOM, zote zikapanda nchi kavu hapa hapa Mombasa. Maji yote yale, na jibu likawa waya. Mimi mita 18 za ngazi zilikuwa zimenishinda.

Nikamwendea bibi. Sikumwambia habari za megabiti. Nilimwambia kazi za watu zinachelewa na jina letu litaharibika. Akanyamaza, akachuma chuma mchicha wake, kisha akaniuliza, "Huo waya wako mnene kama nini?" Nikamwonyesha kidole cha mwisho. Akainuka, akanipeleka chini ya ngazi, akanionyesha tundu juu ya kizingiti lililozibwa kwa kitambaa kilichopakwa chokaa. "Hapa palipita waya wa redio wa babuyo. Ulikwenda mpaka darini. Pitisha papo hapo, ukuta wangu usiuguse."

Basi nikanunua waya, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoibiwa.

Kwa nyumba, waya wa daraja la Cat 5e unatosha na wa Cat 6 umetosha na kuzidi. Etheneti ya gigabiti moja kwenye waya wa shaba imekuwapo tangu 1999, na ile ya gigabiti 2.5 iliyokuja 2016 ilibuniwa makusudi ili ipite kwenye Cat 5e ya kawaida hadi mita 100. Ukiuziwa Cat 8 ya mita 20 iliyosukwa kama mkanda wa viatu, umeuziwa urembo. Jambo la kuangalia ni ndani kuna nini. Waya mwingi wa bei rahisi ni alumini iliyopakwa shaba kwa juu. Uchukue uzi mmoja, ukwangue kwa ncha ya kisu: ukiona weupe chini ya wekundu, mrudishie mwenyewe. Alumini hiyo ina ukinzani mkubwa zaidi, hukatika ukiipinda pinda, na kwa hewa yetu ya chumvi, mahali ilipochubuka huanza kuliwa mapema. Mimi niliukwangua mbele ya muuzaji. Akacheka, akaenda nyuma akaniletea boksi lingine. Kumbe alikuwa nalo.

Fundi alikuja Jumamosi, kijana mpole, koleo lake la kubania limefungwa utepe mweusi kwenye mpini. Akapitisha waya kwenye tundu la babu, akaulaza juu ya boriti, akaushikilia kwa vibanio vidogo vya plastiki, hakugusa ukuta. Kisha vichwa vya kuchomekea. Aliziachanisha zile nyuzi nane, akazinyoosha kwa kuzivuta kati ya dole gumba na bisibisi, akazipanga: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Akakata ncha sawa, akasukuma, akabana. Taa kwenye tundu ikawaka. "Inashika, dada. Si waiona taa?"

Nikaihamisha faili ya kujaribia. Megabaiti 11.3 kwa sekunde. Nikangoja. 11.3. Haipandi, haishuki, imetulia kama maji ya mtungi. Nikajisikia kulia. Wi-Fi ilikuwa ikinipa karibu mara mbili ya hiyo!

Lakini kule kutulia kwenyewe kulikuwa ishara. Baiti moja ni biti nane. Megabaiti 11 na kitu ni megabiti 100 ukishatoa gharama za njiani. Ukiona namba hiyo imeganda hapo, ujue kompyuta na ruta zimekubaliana kwa kasi ya zamani ya megabiti 100, na mara nyingi sana sababu ni kichwa kilichobanwa vibaya. Megabiti 100 hutumia jozi mbili tu za nyuzi. Gigabiti hutaka jozi zote nne. Jozi moja isipogusa, taa inawaka, intaneti inapatikana, kila mtu anafurahi, na wewe unatembea kwa sehemu moja ya kumi ya kasi yako miaka mitano bila kujua. Naamini nyumba nyingi mjini hapa ziko hivyo sasa hivi.

Nikamwambia fundi. Hakupenda, lakini akakiangalia kichwa cha juu kwa tochi ya simu. Uzi wa kahawia, ule wa mwisho, ulikuwa haujafika mwisho wa njia yake. Umebaki nywele moja nyuma ya wenzake. Akakata, akarudia, safari hii akaingiza na ngozi ya waya ndani ya kichwa ili kile kibanio cha nyuma kiishike. Nikajaribu tena.

112.

Faili ile ya gigabaiti 412, ambayo kwa Wi-Fi ilitaka saa tano ikijaliwa, sasa huchukua saa moja na dakika chache. Ping kwa ruta iko chini ya milisekunde moja, mstari baada ya mstari, inachosha kuitazama. Na kuna nafuu nyingine ambayo sikuitarajia: simu za nyumbani zimekuwa nyepesi. Kompyuta ilikuwa ndiyo mlafi wa hewa ya nyumba hii. Ilipoondoka barazani, waliobaki wakapata nafasi. Bibi anasikiliza mawaidha yake sebuleni kwa hiyo hiyo Wi-Fi 7, hatua mbili kutoka kwenye ruta, na haikwami hata mara moja. Yeye ndiye anayekula faida ya pesa zangu.

Waya nao una maradhi yake, nisije nikaonekana dalali. Mwezi wa saba baada ya kufungwa waya, kichwa cha chini karibu na dirisha la uani kilianza kufanya ukijani. Chumvi. Kikakata mara moja, mara mbili, nikakikata na kubana kipya chenye dhahabu nene zaidi kwenye meno, na sasa nimeisogeza ruta mbali na lile dirisha. Ukipitisha waya nje, juani, tumia ule mweusi wa nje. Ule wa kijivu wa ndani ngozi yake itapasuka kama kisigino. Na usivute waya wa shaba kutoka nyumba moja kwenda nyingine, hata kama jirani ni shemeji yako. Radi ikipiga karibu, au umeme wa nyumba moja ukichafuka, huo waya ndio daraja. Mimi umeme ulikatika jioni moja ukarudi kwa kishindo, na tundu moja la swichi likafa papo hapo. Moja tu, alhamdulillahi. Sasa swichi, ruta na sanduku la diski vyote viko nyuma ya betri ya kulinda. Kati ya nyumba na nyumba, vuta faiba, ambayo haibebi umeme, au tumia mawimbi. Hapo ndipo mahali pa mawimbi.

Kuna ndugu yangu mmoja kapanga Kisauni, mwenye nyumba kamkataza hata msumari. Huyo sikumsumbua. Chumba kimoja, ruta iko mezani pake, kazi yake ni barua pepe na kujaza fomu za forodha. Maji ya kifuu bahari ya chungu. Wi-Fi 6 ya kawaida inamzidi. Nilimwambia jambo moja tu: asikiache pale kile kidude cha USB cha kunasa Wi-Fi alichokichomeka nyuma ya kompyuta, kimebanwa kati ya bati na ukuta, hakioni wala hakioneki. Akinunulie waya wa kukivuta mbele hadi juu ya meza. Alifanya hivyo, kasi yake ikapanda mara mbili bila kununua ruta. Lakini ni kweli pia kwamba kompyuta yake, ile ya mtumba iliyotoka Uingereza kama nyingi tunazonunua hapa, ina tundu la gigabiti nyuma yake tangu siku ya kwanza, halijawahi kuchomekwa kitu. Limelipiwa tayari. Waya wa mita mbili kutoka kwenye ruta ile ile iliyo mezani pake. Nikamwambia na hilo, akasema atafikiria.

Walionishauri nitumie vile vidude vya kupitisha mtandao ndani ya nyaya za umeme, ahsanteni. Mngeziona nyaya za umeme za nyumba hii msingenishauri.

Usalama, watu wanapenda kuniuliza, kwa sababu ya aina ya video zangu. Bendi ya gigahezi 6 inalazimisha ulinzi wa WPA3, ambao ni mzuri, na nenosiri refu ni kinga kubwa kwenye bendi zote. Simtishi mtu. Lakini mama mmoja aliponiuliza kama picha za binti yake "zinapita hewani", nilijisikia vizuri kumshika mkono, kumpeleka chini ya ngazi na kumwonyesha kwa kidole: zinaanzia pale, zinapita hapa juu, zinaishia kule. Aliufuata kwa macho mpaka mwisho. Hakuuliza tena.

Juzi nikapanda na chai yangu, kuna kazi ya harusi ya Kibokoni inahama. Kwenye kona ya ngazi nikakuta leso mbili za bibi zimeanikwa juu ya waya wangu, zinadondoka maji taratibu juu ya ngazi. Nikamwita. Akasema mvua inanyesha uani, na waya uko hapo haufanyi kazi. Nikakimbilia skrini.

112.

Nimemfungia kamba yake mwenyewe, shubiri moja chini ya waya.